Mbaruku na Dawa ya Rangi Mbili

Watu wa Nkowe wakimwona mtu anaendesha baiskeli kwa mwendo wa jongoo, husema huyo anakwenda kama Mbaruku. Mbaruku mwenyewe hajawahi kukasirika kwa hilo. Anakiri kwamba anakwenda polepole, na ana sababu. Nyuma ya baiskeli yake kuna tenga la fito, na ndani ya tenga kuna kuku wa kienyeji waliobanana, na kuku akitikiswa sana njiani hufika sokoni amelegea shingo, hana mnunuzi. Hiyo ndiyo sababu anayowaambia watu. Ile nyingine anaijua mkewe, Sofia, peke yake. Mbaruku ni mtu wa kuota huku macho yako wazi. Akishakaa juu ya tandiko na miguu ikashika mdundo wake, roho humtoka kidogo kidogo, ikatangulia mbele ya gurudumu, ikapita juu ya mikorosho, na yeye akabaki chini anaifuata.

Kazi hii aliianza akiwa kijana, baba yake alipowagawia watoto shamba na yeye akaangukia kipande chenye mikorosho mizee iliyochoka kuzaa. Akanunua baiskeli, akasuka tenga, akaanza kuzunguka. Chunyu na vijiji vya pembeni ananunua kuku kwa akina mama; Nachingwea anawauzia wenye migahawa na wenye shughuli. Zilipokuja bodaboda, vijana walimcheka, wakamwambia akodi pikipiki, atafika mapema na kupumzika. Alikodi mara moja. Aliporudi nyumbani alimwambia Sofia, "Nimefika kabla sijawaza chochote." Hakukodi tena.

Na kweli njia ile ina mambo ya kuwaziwa, hasa miezi ambayo mikorosho inatoa maua. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Harufu ya maua ni tamu lakini ina ukakasi ndani yake, inaingia puani na kubaki kichwani mpaka adhuhuri. Mbaruku anasema siku nyingine huwa hajui kama anapiga pedali au amesimama na dunia ndiyo inayopita. Kuku nyuma yake wanaongea kwa sauti za chini, sauti za watu walio chumba cha pili, na yeye hudhani anaelewa.

Katika mfuko wa shati alizoea kuweka dawa. Zilikuwa kapsuli za kawaida, nusu nyekundu na nusu njano, zile ambazo watu huziita rangi mbili. Habari yake ilianzia mwaka ambao kideri kilipita vijijini na kuzoa kuku kama ufagio. Mama mmoja anakuuzia jogoo mwenye shingo ndefu na sauti ya kutisha mtaa. Kabla hujavuka korongo la kwanza, jogoo amepinda shingo, anazunguka palepale, amekwisha. Mchuuzi mwenzake pale Nachingwea akamshauri afungue kapsuli na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku kabla ya safari. Mbaruku akafanya hivyo. Kuku wengine walikufa, wengine wakapona, na yeye, kama binadamu wote, akawakumbuka waliopona.

Tangu hapo hakusafiri bila rangi mbili. Kuku akizubaa, anapewa. Kuku mzima naye anapewa, asije akazubaa. Maji yakibaki, anayamwaga popote alipopumzikia. Na tumbo lake mwenyewe likichafuka kwa kiporo au kwa maji ya kisima asichokijua, alimeza moja, na kesho yake nyingine kama alikumbuka, na tumbo likatulia. Baadaye akina mama nao wakaanza kumwomba. Huko Chunyu alikuwako mjane mmoja, Bibi Mwanaima, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera kiasi kwamba ni lazima uinamishe kichwa ndipo umsikie vizuri. Bibi huyo hakuuza kuku bila kapsuli juu yake.

"Mwanangu, na ile ya tumbo," alikuwa akisema, kiganja wazi.

Mbaruku alimwekea kapsuli kiganjani kwa moyo mweupe, kama mtu anayegawa pipi sikukuu.

Basi siku moja, majira ya maua, mtetea mmoja mweusi alianza kulegea njiani. Mbaruku alimwona anafumba macho kwa ukope wa chini, ule mweupe, akajua hafiki Nachingwea. Nyumbani hapakuwa mbali, akageuza. Alimchinja uani, akamnyonyoa, akampasua, akamtoa matumbo, akamkabidhi Sofia apike. Kisu alikimwagia maji ya kata mara moja, akakipangusa kwenye suruali. Juu ya meza kulikuwa na papai lililoiva mpaka likaanza kutoa machozi. Alilikata kwa kisu kile, akakaa kizingitini akalila lote, akitazama moshi wa jiko la Sofia unavyopanda na kukosa haraka. Sofia hapendi papai tangu utoto. Kuku aliiva mpaka nyama ikaachana na mfupa, wakala wote wawili na ugali wa muhogo, wakashukuru.

Haikupita siku nyingi tumbo likaanza. Kwanza lilikata kama kawaida, na Mbaruku akameza rangi mbili kama kawaida. Kisha ikaja homa, ile ya kutetemesha meno juani. Akaongeza rangi mbili. Safari hii dawa ilishuka kama kokoto iliyotupwa kisima kirefu, ukasubiri usikie mlio, usiusikie. Muuza duka la dawa alimpa vidonge vingine, vyeupe. Navyo vilinyamaza vilevile. Ndipo Sofia akaona damu chooni. Aliita bodaboda, wakampakia Mbaruku katikati, dereva mbele na Sofia nyuma amemkumbatia kiuno asidondoke. Ilikuwa safari ya haraka kuliko zote alizowahi kufanya katika njia ile ya Nachingwea, na hakuiona hata kidogo.

Hospitali walimlaza karibu na dirisha. Nje kulikuwa na mwarobaini, na kivuli chake kiliingia wodini kila jua lilipopanda, kikapita juu ya shuka taratibu, kikatoka. Mbaruku alikifuata. Mara alijiona yumo njiani, lakini njia imegeuka laini na yenye joto, inapinda na kupinda bila mwisho, na pande zote mbili kuku wanatembea kwa mstari bila kutoa sauti. Aliwaita, hawakugeuka. Mikorosho ilikuwa imetoa maua mekundu upande mmoja na ya njano upande mwingine. Akataka kumwambia mtu kwamba mikorosho haitoi maua ya namna hiyo. Alipofumbua macho alimwona Sofia anamlowesha midomo kwa kitambaa, na chupa ya dripu inatona juu yake, tone, kisha tone, kama mvua inayojifikiria.

"Kuku wamefika?" alimuuliza.

"Hakuna kuku, baba Yasmini," Sofia alisema. "Lala."

Daktari aliagiza choo chake kipelekwe maabara, vijidudu vilivyomo vikaoteshwe ili vijulikane, na wakati wanasubiri majibu akambadilishia dawa, akamweka kwenye sindano ya mshipani. Homa haikuondoka mara moja. Ilikuwa inakwenda mlangoni na kurudi. Lakini siku ambayo kivuli cha mwarobaini kilipita na yeye akakiona kuwa ni kivuli tu, akajua amerudi. Aliomba uji.

Mchana huo alikuja mwanamke wa maabara, amevaa koti jeupe, jina lake Winfrida. Alivuta kigoda akakaa, jambo lililomshangaza Mbaruku, maana tangu afike pale kila mtu alikuwa anazungumza naye amesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuuliza. Ulikuwa unatumia dawa gani kabla hujaletwa hapa?"

Mbaruku akamtajia rangi mbili, na vile vyeupe. Winfrida akauliza alianza lini. Mbaruku akafikiri. Ilikuwa kama kuulizwa ameanza lini kupumua.

"Miaka," alisema. "Mimi na kuku wangu."

"Kuku?"

Ndipo akamweleza yote, maji ya tenga, kideri, Bibi Mwanaima. Aliongea taratibu kwa sababu ya udhaifu, na Winfrida hakumkatiza. Alipomaliza, Winfrida akamuuliza alikula nini kabla ya kuugua. Mbaruku akasema kuku aliyeiva vizuri, na mkewe alikula sahani hiyohiyo na hakuumwa.

"Na papai," Sofia alisema kutoka upande wa pili wa kitanda. "Alilikata na kisu alichomtolea kuku matumbo. Nilikuwa namwangalia. Sikuwaza kitu."

Winfrida akatikisa kichwa kukubali. Akasema tumboni mwa kila mtu mna vijidudu, bakteria, na wengi wa hao ni wapole, tunaishi nao kama majirani. Wapo wakali, wanaojishika kwenye ukuta wa utumbo, wanaupenya na kuutia vidonda, ndiyo ile damu. Hao hukaa ndani ya kuku bila hata kumsumbua. Moto unawaua. Papai halikupita motoni.

"Lakini ukali wao tu usingekufikisha hapa," alisema. "Hawa wako wamekuwa sugu. Kila ulipowapa dawa kidogo, wanyonge walikufa, wakaidi wakabaki. Wakaidi wakazaa wakaidi. Na wana tabia ya kufundishana, baba. Mmoja akishajua namna ya kuishinda dawa, anaweza kumpa jirani yake ujuzi huo."

Mbaruku akauliza swali ambalo Sofia alilionea haya.

"Naweza kuwaona?"

Winfrida alitazama mlango, akamtazama tena. Alisema akipata nguvu ya kutembea, aje mpaka dirisha la maabara, atamwonyesha kwa nje.

Alipoweza kusimama, alikwenda, mkono mmoja begani kwa Sofia. Winfrida alikileta kisahani cha plastiki, kidogo, kimefunikwa na kufungwa kwa utepe, akakiinua nyuma ya kioo ili mwanga upite. Mbaruku alikuwa ametegemea kuona wadudu wenye miguu. Aliona kitu kama ukungu wa asubuhi umelala juu ya uwanda, mweupe hafifu, umetanda sawasawa. Juu ya uwanda huo palikuwa na vipande vidogo vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kandokando ya kimoja palikuwa wazi kabisa, duara pana, safi, kama kiwanja kilichofagiliwa.

"Hiyo ni ile ya sindano tunayokupa," Winfrida alisema kutoka ndani, sauti yake imefifia kwa sababu ya kioo. "Hawakuweza kuisogelea."

"Na rangi mbili?"

Akaonyesha kipande kingine kwa kidole. Ukungu ulikuwa umekifikia kipande kile, umekigusa pembeni pande zote, umekikumbatia kama nyasi zinavyokumbatia kisiki kilichosahaulika shambani. Hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Mbaruku aliweka paji la uso kwenye kioo. Palionekana mahali pazuri, hilo ndilo lililomtisha. Palikuwa na utulivu wa njia yake ya asubuhi, na aliona kwamba kama angekuwa mdogo kiasi cha kutosha, angeweza kupiga pedali pale siku nzima akiota, asijue kwamba anapita juu ya mauti yake. Sofia akamgusa mkono, wakarudi kitandani.

Walipotaka kuondoka, Sofia alimuuliza Winfrida kuhusu kideri. Winfrida akasema yeye si mtu wa mifugo, wamwone afisa mifugo wa kata. Sofia alimwendea hata kabla mumewe hajaweza kupanda baiskeli. Yule bwana akamweleza bila kuzungukazunguka: kideri hakitokani na bakteria wanaouawa na rangi mbili, kinaletwa na kirusi, na rangi mbili haina habari nacho. Kuku waliopona walipona wenyewe. Kuna chanjo ya tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa, na mtu yeyote mwenye mkono usiotetemeka anaweza kufundishwa.

Sofia alirudi nyumbani akamkuta Mbaruku amekaa chini ya paa la jiko, anasuka tenga lililolegea. Akamweleza. Mbaruku aliendelea kupitisha fito juu na chini, juu na chini.

"Kwa hiyo miaka yote ile," alisema mwishowe, "nilikuwa nawanywesha rangi."

"Ulikuwa unawanywesha rangi," Sofia alisema. "Sasa mimi nimeomba nifundishwe matone. Utanibeba?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari yao ya pamoja. Sofia anakaa kwenye karia, amepakata chombo cha chanjo kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi kisipate joto, na Mbaruku anapiga pedali kwa mwendo uleule. Siku za matone hawabebi kuku. Wakifika nyumba, Mbaruku anamkamata kuku kwa mikono miwili na kumgeuza ubavu, Sofia anainamisha kichupa, tone linaanguka, jicho linafumba na kufumbua. Hakuna zaidi ya hapo. Kisha Mbaruku anaomba sabuni, wananawa mbele ya wenyeji, kwa makusudi kabisa, na yeye anawasimulia habari za kisu na papai. Si mhubiri. Anasahau katikati, anaanza kueleza ukungu aliouona kwenye kisahani, anapotea humo, na Sofia ndiye anayemrudisha.

Wengine waliwakubali, wengine waliwacheka. Kuna mwanamume aliyesema Mbaruku amechanganyikiwa kwa homa. Kuna nyumba ambayo kuku walikufa hata baada ya matone, kwa sababu ugonjwa ulishaingia kabla yao, na mwenye nyumba hajawasamehe mpaka leo. Na wapo akina mama waliohamia kwa mchuuzi mwingine, ambaye mfukoni bado ana kapsuli. Mbaruku anamfahamu. Wakikutana njiani wanasalimiana, na Mbaruku hujaribu tena kumweleza, na mwenzake huyo hutazama saa ya simu.

Chunyu walifika mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha. Bibi Mwanaima hawakumkuta uani. Alikuwa ndani, amejilaza kwenye mkeka, kanga imefunika miguu. Alipoisikia sauti ya Mbaruku, mkono ulitoka nje ya kanga, kiganja juu.

"Mwanangu, tumbo. Nitilie ile."

Mbaruku alipapasa mfuko wa shati. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, na haukukuta kitu. Alikaa chini kwenye udongo, akauchukua mkono wa bibi akaushika.

"Sina, bibi. Kuna damu ukienda chooni?"

"Hakuna. Maji tu, maji."

"Mwili una joto?"

"Joto la nini na mimi nasikia baridi."

Sofia akamgusa shingo, akamwambia mumewe kwamba bibi hana homa. Pale dirishani palikuwa na pakiti za chumvichumvi, zile za kukorogea mtu anayeharisha, ambazo mtu wa zahanati alimwachia bibi wakati fulani, hazijafunguliwa, kwa kuwa Bibi Mwanaima hakuamini dawa yenye ladha ya machozi. Sofia alichemsha maji, akayapoza kwa kuyamimina kutoka sufuria hii kwenda ile, akakoroga. Mbaruku akamwinua bibi, akamwegemeza kifuani kwake, akaanza kumnywesha kwa kijiko.

"Hii haina nguvu," bibi alilalamika.

"Haina nguvu, lakini itakuzuia usikauke. Tumbo litajimaliza lenyewe. Nikiona damu, au ukishikwa na homa, nitakupakia kwenye baiskeli mwenyewe mpaka zahanati."

"Kwa mwendo wako ule?"

"Nitaita bodaboda."

Bibi Mwanaima akacheka kidogo, akanywa. Alinung'unika kwa Kimwera jambo ambalo Sofia alilisikia na akakataa kulitafsiri. Kijiko kikaendelea, tone kwa tone, mpaka kikombe kikaisha na kingine kikaanza. Nje mvua nyepesi ilianza kunyesha, ile isiyo na sauti juu ya makuti, na kuku wakaingia mmoja mmoja mlangoni, wakajikung'uta, wakatulia pembeni ya ukuta. Mbaruku aliwaangalia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa mbele ya mgonjwa bila kitu cha kumpa isipokuwa maji na muda, na aliona kwamba muda anao. Mgongo wake ulimuuma. Hakubadilisha mkao, kwa sababu bibi alikuwa amesinzia.

Kesho yake Bibi Mwanaima aliamka akataka uji, na jioni akamkemea mtoto wa jirani kwa kuacha lango wazi. Wiki iliyofuata alimwuzia Mbaruku majogoo, kwa bei ya juu, bila kuomba kitu juu yake.

Siku hizi ukisimama kwenye njia ya Nkowe asubuhi utawaona. Utasikia kwanza mnyororo unaohitaji mafuta, kisha wataibuka kwenye ukungu, mume mbele, mke nyuma. Ukiwasalimu, Sofia ndiye anayeitika. Mbaruku atakuwa amepita tayari kwa mawazo, yuko huko mbele, anapanda kilima ambacho baiskeli bado haijakifikia.